Jozi 200 za Hereni: Kodi ya Mauzo ya Mtandaoni Inavyombana Muuzaji Mdogo Marekani

Mwezi Machi dada mmoja, mteja wangu, aliingia ofisini kwangu hapa Columbus, Ohio, na bahasha aliyokwisha kuifungua, akaisoma, kisha akaibandika tena kwa selotepu kana kwamba haijaguswa. Akaiweka mezani. "Kaka, hawa watu jimbo lao sijawahi hata kulikanyaga. Wananidai nini?"

Ndani mlikuwa na dodoso la kurasa mbili kutoka idara ya kodi ya jimbo la mbali. Unauza nini? Ulianza lini kuwauzia wakazi wetu? Una bidhaa yoyote iliyohifadhiwa humu? Nusu ya maswali alishayajibu kwa penseli. Nilishukuru kwamba ni penseli.

Dada huyu anauza vitu vya kitenge: magauni, mikoba, na zaidi ya yote hereni za dola 9 anazotengeneza mwenyewe usiku akitoka zamu. Ana tovuti yake, na ana duka ndani ya soko moja kubwa la mtandaoni. Nyumbani Tanzania angekuwa na TRA, mamlaka ya mapato, tu wa kuogopa. Huku ana idara za kodi zisizopungua arobaini, na kila moja ina fomu zake, tarehe zake na faini zake.

Wengi wetu tuliokuja huku tukiwa watu wazima tunaingia kwenye biashara tukiwa na VAT kichwani. Nchi moja, sheria moja, mamlaka moja. Marekani haina kodi ya mauzo ya taifa. Majimbo 45 pamoja na mji mkuu Washington kila moja lina ya kwake, na mengi huruhusu kaunti na miji kuongeza chao juu. Majimbo matano tu ndiyo hayana kodi ya jimbo: Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon, na hata Alaska miji yake mingi hutoza. Kodi haimo ndani ya bei, huongezwa kaunta. Ndiyo maana mgeni huhesabu sarafu zake kamili, akifika kwa keshia zinapungua.

Kwa muda mrefu muuzaji wa mbali alikuwa huru kabisa. Mwaka 1967 kampuni ya National Bellas Hess, iliyouza nguo kwa katalogi za posta kutoka Missouri, ilikataa kukusanya kodi ya Illinois, na Mahakama ya Juu ikaiunga mkono: jimbo haliwezi kumlazimisha muuzaji asiye na kitu ndani yake. Mwaka 1992 kampuni ya vifaa vya ofisini, Quill, ikashinda North Dakota kwa hoja ileile. Lazima uwe na duka, ghala au mfanyakazi ndani ya jimbo. Wahasibu wa huku uhusiano huo tunauita neksasi. Mimi wateja wangu huwaambia "mguu": una mguu Texas? Huna? Basi Texas haikudai.

Mnunuzi mwenyewe alitakiwa ajipeleke kulipa, kupitia kile kinachoitwa kodi ya matumizi. Katika miaka yangu yote ya kazi hii, waliokuja kwangu wakaitaja wenyewe bila kuulizwa siwezi kuwamaliza vidole vya mkono mmoja.

Sasa mfikirie mwenye duka la viatu mtaani. Mteja anaingia, anajaribu jozi nne, anapiga picha namba ya kiatu, anarudi nyumbani kuagiza mtandaoni bila kodi. Mwenye duka analipa pango, anaajiri vijana wa mtaa, na bado bei yake iko juu kwa asilimia saba au nane kwa sababu tu ana mlango. Malalamiko yake yalikuwa ya haki, na sitamwandikia mtu makala ya kuyabeza. Majimbo nayo yalikuwa yanaumia, hasa yale yasiyotoza kodi ya mapato, kama South Dakota.

South Dakota ndiyo iliyochokoza. Mwaka 2016 ilitunga sheria ikijua wazi kwamba inapingana na hukumu ya 1992, kusudi jambo hili lirudi mahakamani. Tarehe 21 Juni 2018, katika kesi dhidi ya maduka ya mtandaoni ya Wayfair, Overstock na Newegg, Mahakama ya Juu ikaigeuza hukumu yake ya zamani kwa kura 5 dhidi ya 4. Jaji Anthony Kennedy aliandika hukumu ya walio wengi: mguu wa kiuchumi unatosha. Kiwango cha South Dakota kilikuwa mauzo ya zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka ndani ya jimbo, au miamala 200.

Hilo neno dogo "au" ndilo linalonilipia pango la ofisi.

Chukua kalamu. Muuzaji wa makochi anapeleka Maryland makochi 60 ya dola 1,500. Hizo ni dola 90,000. Hajafika laki moja, hajafika miamala 200. Maryland haina neno naye. Dada yetu anapeleka Maryland jozi 200 za hereni, kila mteja jozi moja ya dola 9. Hizo ni dola 1,800. Amefika. Maryland kodi yake ni asilimia 6, haina nyongeza ya kaunti, kwa hiyo hesabu ni safi: dola 108 kwa mwaka mzima. Ili aiwasilishe dola 108 hiyo ya serikali inabidi ajisajili, arekebishe tovuti yake, ajaze ritani, yaani fomu ya taarifa ya kodi, kwa tarehe zake, na atunze kumbukumbu kwa miaka. Mimi mwenyewe nikimfanyia kazi hiyo kwa bei ya kawaida, nitamla zaidi ya anachokikusanya. Ndugu wa makochi hata hajui kwamba mazungumzo haya yapo.

Watetezi wa sheria walisema kiwango kile kimewekwa ili kuwalinda wadogo. Laki moja inawalinda kweli. Mia mbili inamlinda anayeuza vitu vya bei kubwa. Anayeuza hereni, sabuni, stika au pakiti za viungo ndiye anayenaswa kwanza, na huyo mara nyingi ni mama anayefunga mizigo sebuleni watoto wakishalala.

South Dakota yenyewe ililiona: tangu 1 Julai 2023 imefuta hesabu ya miamala, imebaki na dola tu. Indiana ikafuata mwanzoni mwa 2024, North Carolina katikati ya mwaka huohuo, Illinois mwanzoni mwa 2026. California na Texas zilikuwa na busara mapema zikaweka dola 500,000. New York inataka yote mawili kwa pamoja, zaidi ya dola 500,000 na zaidi ya mauzo 100. Maryland bado imeshikilia "au" yake.

Na kufika kiwango ni mlango tu. Ndani kuna swali la pili: hiki ninachouza kinatozwa au hakitozwi? Gauni la kitenge ukilipeleka Minnesota halina kodi, kwa sababu nguo zimesamehewa. Mkoba wa kitenge kilekile, uliokatwa kwenye doti ileile, unatozwa, maana mkoba si nguo. New York inasamehe nguo isiyofika dola 110. Gauni la dola 120 linatozwa dola zote 120. Massachusetts inasamehe hadi dola 175, na ukizidi unalipia kile kilichozidi tu. Jaji Mkuu John Roberts, aliyeandika maoni ya walio wachache, alicheka kidogo katika maandishi yake. Alitaja kwamba Illinois ilizitoza tofauti chokoleti mbili zinazokaa rafu moja: Twix ina unga wa ngano, kwa hiyo ni chakula, Snickers haina, kwa hiyo ni peremende. Akasema mamlaka zinazotoza kodi hii nchini zinazidi 10,000. Ombi lake lilikuwa kwamba Bunge ndilo lirekebishe, si mahakama.

Bunge hilo! Seneti ilipitisha mswada wa jambo hili mwaka 2013 kwa kura 69 dhidi ya 27. Baraza la Wawakilishi likaukalia mpaka ukafa. Tangu hukumu ya 2018 hakuna sheria ya taifa iliyoweka kiwango kimoja kwa nchi nzima.

Kuna jambo watu huwa hawaamini nikiwaambia. Amazon, ambayo kila mtu aliidhani ndiyo inayowindwa, ilikuwa inakusanya kodi kwenye bidhaa zake yenyewe katika majimbo yote yenye kodi ya mauzo tangu Aprili 2017, mwaka mzima kabla ya hukumu. Ilishajenga maghala kila kona, miguu ilikuwa imejaa, na programu za kukokotoa ilishakuwa nazo. Hukumu haikuitikisa.

Baadaye zikaja sheria za masoko ya mtandaoni. Majimbo yakaamua kwamba mwenye soko ndiye akusanye kodi kwa niaba ya wauzaji waliomo ndani. Missouri ilikuwa ya mwisho, ilianza 1 Januari 2023. Kwa muuzaji mdogo ilikuwa afueni kubwa, sikatai. Lakini tazama alichobanwa nacho. Akiuza ndani ya soko la Etsy anakatwa asilimia 6.5 ya kila muamala, mbali na ada nyingine, lakini kodi haimhusu. Akiuza kwenye tovuti yake hakatwi ada hiyo, lakini kodi ni yake mwenyewe, jimbo kwa jimbo. Wateja wangu watatu wamefunga tovuti zao kwa sababu hiyo tu. Sheria iliyosukumwa kwa jina la duka la mtaani imewarudisha wadogo kwa wakubwa, wakiwa na ada mkononi.

Turudi kwenye bahasha. Swali la tatu la dodoso ndilo lililokuwa na sumu: una bidhaa iliyohifadhiwa humu? Dada alikuwa ameandika "hapana", na kwa moyo wake wote aliamini hivyo. Nikamwomba afungue akaunti yake ya lile soko kubwa tuangalie ripoti ya ghala. Miezi kadhaa nyuma alikuwa amepeleka maboksi matatu ya mikoba kwenye ghala la kampuni ili iwe inamfungia na kumsafirishia. Kampuni iliyagawa kwenye maghala mengine bila kumuuliza, na mkataba unairuhusu. Mikoba 14 ilikuwa imelala katika jimbo lile lililoandika barua.

"Kwa hiyo mikoba yangu imesafiri kuliko mimi," akasema.

Kwa majimbo mengi, mzigo wako ukiwa ndani, mguu upo, na hapo viwango vya laki moja na mia mbili havikusaidii. Kodi ya mikoba iliyouzwa sokoni ilishakusanywa na soko lenyewe. Iliyobaki ni ya zile hereni na magauni alizowauzia watu wa jimbo hilo kupitia tovuti yake. Haikufika dola 70. Riba na faini zikaja juu yake. Angekuja kabla ya barua tungejisalimisha wenyewe: majimbo mengi yana utaratibu wa kujitokeza kwa hiari, unalipa ya miaka michache ya nyuma na faini unasamehewa. Jimbo likishakuandikia kwanza, kwa kawaida mlango huo unakuwa umefungwa.

Tulifuta penseli, tukajibu kwa ukweli.

Yale ninayowaambia wanaouza wenyewe ni machache. Kila mwisho wa mwezi toa ripoti ya mauzo kwa jimbo, safu mbili, dola na idadi ya oda, kwa sababu wengi huangalia dola peke yake. Ukiweka mzigo kwenye ghala la mtu, omba kujua uko wapi. Usianze kukusanya kodi ya jimbo kabla ya kusajiliwa nalo. Kukusanya bila kibali ni kosa baya kuliko kutokukusanya, maana ile ni fedha ya serikali umeishika. Ukishasajiliwa, jaza ritani hata kama hukuuza kitu: Texas hutoza dola 50 kwa ritani iliyochelewa hata kama kodi yenyewe ni sifuri. Na ukijua huna mguu mahali, usijisajili kwa woga. Nimewakuta watu wana vibali 30 walivyouziwa na mtu wa simu.

Kuna njia moja nzuri ambayo haitangazwi vya kutosha. Majimbo 24, Ohio yetu ikiwamo, yana mkataba wa kurahisisha kodi hii. Unajisajili mara moja, na kampuni zilizoidhinishwa hukukokotolea na kukuwasilishia ritani bure ukitimiza masharti, kwa sababu majimbo ndiyo yanayozilipa. Georgia na Michigan zimo, na zote mbili zilikuwa na hesabu ya miamala 200 kama Maryland. Maryland haimo. Wala California, Texas, New York na Florida hazimo, na huko ndiko walikojaa wanunuzi.

Leo ni wiki ya pili ya Desemba, msimu wa zawadi, na hereni zinaondoka kama maandazi ya asubuhi. Dada ana daftari lake la majimbo sasa, na kila Jumapili hunitumia idadi. Nilishamweleza kwamba anaweza kuizima Maryland kwenye tovuti mpaka Januari mosi, asifike mia mbili mwaka huu. Akanuna. Nusu ya wanunuzi wa kule, alisema, ni watu wa nyumbani, tena wengine ni wa kanisa moja na mdogo wake.

Jana usiku simu ikalia: picha ya skrini. Oda ya 198, Silver Spring, jozi moja, rangi ya bluu. Chini ameandika, "Kaka, niitume?"

Nimemjibu aitume. Fomu ya Maryland nimeshaifungua kwenye dirisha jingine.