Kukaza mno mikanda hakuzuii hewa kuvuja

Wengi wanaolala na mashine ya kusukuma hewa (CPAP), ambayo huzuia njia ya hewa kuziba usingizini, huamini kwamba barakoa yake ikivuja, dawa ni kuzidi kukaza mikanda. Sivyo. Ukingo wa barakoa, wa silikoni, umebuniwa ujae hewa kidogo na kujilaza usoni kama mto. Ukibanwa mno hukunjamana, na hewa hutorokea kwenye mikunjo hiyo hiyo. Kinachobaki ni kidonda kwenye mwamba wa pua, ambapo ngozi ni nyembamba na mfupa uko karibu. Inasikitisha sana mtu anapoacha tiba kwa sababu hiyo. Legeza mikanda, lala kama ulivyozoea, washa mashine, kisha kaza kidogo kidogo mpaka uvujaji ukome. Vitundu vya mbele ya barakoa usivizibe: ndiyo njia ya kutokea kabonidayoksaidi.