Umetoka kuzamia na ribriza, kesho unataka kupanda Kilimanjaro? Maswali na majibu

Hapa Moshi tunapokea wageni wa kila aina, na siku hizi wapo wanaotoka kuzamia Pemba, Mafia au Zanzibar, wengine wametoka kwenye maji baridi ya Afrika Kusini na mashine zao za ribriza (za kupumulia chini ya maji), wanashuka uwanja wa ndege wa KIA jioni halafu kesho yake asubuhi wako geti la Machame wanasaini kitabu. Waongoza watalii na wagumu (wapagazi wa mlimani) wananiuliza sana hili jambo kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza kwa hiyo nimekusanya maswali yenyewe hapa. Ninachotaka mshike ni kwamba gesi iliyoingia mwilini chini ya maji lazima ipewe muda wa kutoka KABLA mtu hajaanza kupanda, na mzamiaji wa kina kirefu anahitaji muda mrefu kuliko yule aliyeenda kuangalia samaki tu.

Shikamoo mama, hivi hiyo ribriza ni kitu gani? Si mtungi tu kama mitungi mingine?

Marahaba mwanangu. Hapana, sio mtungi tu. Kwa mtungi wa kawaida kila pumzi unayotoa inapanda juu kama mapovu, imepotea. Ribriza inaizungusha, hewa uliyotoa inapita kwenye kopo lenye chembechembe za chokaa ya soda ambayo inakamata kabonidayoksaidi, sensa zinapima oksijeni iliyobaki, mashine inaongeza kile ambacho mwili umetumia, halafu unavuta tena. Ndio maana mtu anaweza kukaa chini masaa. Na wakienda kina kirefu wanachanganya gesi ya heliamu (hiyo hiyo inayotafutwa kule Rukwa) kwa sababu ukipita kama mita 30 naitrojeni inaanza kulevya, na oksijeni nayo ikizidi presha inaleta degedege, sasa degedege chini ya maji unajua mwenyewe mwisho wake.

Kama ni mashine nzuri hivyo, hatari iko wapi?

Iko kwenye vitu ambavyo huvisikii. Oksijeni ikipungua kwenye ribriza mtu hasikii kukosa pumzi, anazimia tu. Kabonidayoksaidi ni kinyume chake, ikipanda unahema haraka, kichwa kinagonga, hofu inakuingia, na kadiri unavyohema ndivyo mambo yanavyozidi kwa sababu kule chini gesi ni nzito na mapafu yanafanya kazi kubwa kuisukuma. David Shaw, rubani wa Australia, alikufa hivyo Januari 2005 kwenye pango la maji la Boesmansgat Afrika Kusini, mita kama 270 chini, alikuwa anajaribu kutoa mwili wa kijana aliyezama humo mwaka 1994. Kamera ya kwenye kofia ilirekodi mpaka kuhema kwake. Kazi ilikuwa ngumu kuliko mapafu yake yalivyoweza kusafisha ile gesi.

Baridi inaongeza nini?

Inaongeza sana. Maji yanapitisha joto kama mara 25 kuliko hewa, kwa hiyo mwili unapoa haraka, vidole vinakufa ganzi na mtu anashindwa hata kufungua vali. Ile chokaa ya soda nayo kwenye baridi inachoka mapema. Lakini kubwa ambalo watu hawalijui ni hili: mwili ukipata baridi mishipa ya damu ya ngozi na misuli inabana, damu haipiti vizuri, na gesi iliyokwishaingia inakwama humo. Jeshi la majini la Marekani lilitoa utafiti mwaka 2007, wakawaweka wazamiaji kwenye maji ya nyuzi 36 na ya nyuzi 27, wakakuta walioathirika zaidi ni wale waliokuwa na joto chini halafu wakapata baridi wakati wa kupanda, yaani gesi iliingia kwa wingi ikashindwa kutoka. Kwa hiyo mwenye fulana ya umeme anayeiwasha mapema akiwa chini kabisa, halafu betri inamwishia wakati anasubiri kwenye vituo vya kupanda (pale mzamiaji anaposimama njiani kuja juu ili gesi itoke), amejiweka pabaya. Mgeni akikwambia "niliganda sana njiani kuja juu", hiyo ni habari muhimu, iandike.

Sasa mlima unaingiaje hapo?

Umeshaona pakiti ya krispi uliyonunua Moshi mjini inavyovimba ukifika kambi ya Horombo? Hakuna aliyeongeza hewa, presha ya nje ndio imepungua. Usawa wa bahari tunabeba presha ya bar 1, na kila mita 10 za maji zinaongeza bar 1 nyingine, kwa hiyo mtu aliyefika mita 60 alikuwa kwenye bar 7 na gesi ikayeyuka kwenye damu na mafuta yake kwa presha hiyo. Akipanda taratibu inatoka kupitia mapafu. Akiharakisha inageuka mapovu ndani ya mwili, kwenye viungo, kwenye uti wa mgongo, kwenye sikio la ndani. Sasa kilele cha Uhuru kwenye mita 5,895 presha ni karibu nusu ya ile ya pwani. Mzamiaji aliyejisikia mzima kabisa ufukweni, akiwa bado na gesi iliyobaki, mlima unaweza kuitoa kwa nguvu.

Asubiri muda gani basi?

Kwa ndege ushauri unaotumika ni angalau masaa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, masaa 18 kama umezamia mara nyingi au siku kadhaa mfululizo, na kama mbizi ilihitaji kusimama vituoni wakati wa kupanda (za ribriza za kina kirefu karibu zote ziko hivi) basi ni zaidi ya 18 kwa kiasi cha kutosha, wengi wanahesabu masaa 24 na kuendelea.

Lakini jamani, hayo masaa ni ya kabini ya ndege ambayo haizidi mwinuko wa mita 2,400 hivi. Horombo peke yake ni mita 3,720! Jedwali la jeshi la majini la Marekani la kupanda mwinuko baada ya kuzamia linaishia futi 10,000, kama mita 3,000. Kwa hiyo asije mtu akakuonyesha masaa 24 kwenye kompyuta yake ya kuzamia ya mkononi akasema yuko tayari kwenda Kibo. Mimi nawaambia wazamiaji wa ribriza waache siku kadhaa nzima, wamuulize daktari wa uzamiaji, na siku hizo wazipitishe pwani, sio Arusha, maana Arusha yenyewe iko kama mita 1,400. Na vile vindege vidogo vya kutoka Zanzibar vingi havina presha ndani, mwinuko vinaporuka ndio mwinuko wa mwili wako.

Juu mlimani nitajuaje ni ugonjwa wa mlima au ni mapovu?

Mara nyingine hutajua, na usijaribu kuwa bingwa. Ugonjwa wa mlima unaanza na kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula. Mapovu mara nyingi ni maumivu ya ndani ya bega, kiwiko au goti ambayo hata ukibonyeza huyapati, mabaka ya zambarau kwenye ngozi, ganzi, miguu kulegea, kizunguzungu, kushindwa kukojoa. Mtu aliyezamia wiki hiyo akilalamika bega usimpe diklopa ya maumivu ukamwambia ni begi. Diamox, ile dawa ya ugonjwa wa mlima, haitibu mapovu, na oksimita ya kidoleni inayopima oksijeni kwenye damu haiyaoni. Mpe oksijeni kwa barakoa, kiasi kikubwa unachoweza, alale chali, ashuke mara moja kwa machela, asitembee. Lile begi la presha la kuokolea watu juu linaongeza presha kidogo tu, haliwi mbadala wa chumba cha presha cha hospitali, kwa hiyo kampuni ijue kabla ya safari chumba kinachofanya kazi kiko wapi na simu ni ipi.

Kuna rafiki anataka kuzamia Ziwa Chala na ribriza, ni sawa?

Chala ina kina cha mita kama 90 na maji yenyewe yako karibu mita 880 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mahesabu ya pwani hayafai, kompyuta lazima ipangwe kwa mwinuko. Bila timu, oksijeni na gari la kusubiri juu, mwambie aache.

Na nikianza na mlima halafu bahari?

Huo ndio mpangilio ninaoupenda. Panda kwanza, shuka, lala, kunywa maji, halafu nenda Pemba. Isipokuwa kama mapafu yalijaa maji ukiwa juu, hapo daktari akupime kwanza kabla hujagusa bahari.