Je, wajua jinsi kompyuta inavyokadiria tarehe ya ndoa za kale za Mtwapa?

Mjini Mombasa, mazungumzo ya asili za watu hayajawahi kukosa wasemaji. Miongoni mwa Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa mji huu, wamo Wamtwapa, na habari za Washirazi waliovuka bahari kutoka Uajemi zimesimuliwa mabarazani tangu jadi. Mwezi Machi mwaka 2023, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA (kemikali ya urithi iliyomo katika seli) ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani ya kati ya mwaka 1250 na 1800, ikiwemo Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa. Watafiti hao, wakiwemo mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba na mwanajenetiki David Reich, walieleza kwamba watu wa asili ya Afrika na wa asili ya Asia walianza kuchanganya damu kufikia mwaka 1000 hivi. Mfupa haukuandikwa tarehe ya nikaha. Tarehe hiyo basi ilipatikanaje?

Ilipatikana kwa hesabu, na hesabu yenyewe huanzia kwenye vipande vidogo mno. DNA iliyokaa kaburini mamia ya miaka, tena katika joto na unyevu wa pwani yetu, huvunjikavunjika hata mara nyingi kipande kimoja kisifike herufi 100 (DNA huandikwa kwa herufi nne: A, C, G na T), ilhali jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, ina herufi zipatazo bilioni 3. Kompyuta hukitafutia kila kipande mahali pake katika jenomu ya rejea, yaani ile iliyokwisha kusomwa na kutumiwa kulinganishia, ikisaidiwa na faharasa iliyotokana na mbinu ya kubana data ya Burrows na Wheeler ya mwaka 1994. Programu hukagua pia ncha za vipande: kwa uchakavu, baadhi ya herufi C zilizo nchani husomeka kama T, na alama hiyo husaidia kuitambua DNA ya marehemu isichanganywe na ya mchimbaji aliyeugusa mfupa jana.

Kila mtu ana kromosomu, yaani nyuzi ndefu za DNA, zilizo jozi jozi, moja ya baba na moja ya mama. Mtoto wa baba Mwajemi na mama Mwafrika huwa na kromosomu nzima ya Kiajemi kando ya nzima ya Kiafrika. Kabla ya yeye naye kurithisha, mbili hizo hubadilishana sehemu, mithili ya mshonaji anayekata leso mbili za rangi tofauti na kuunga kipande cha hii na cha ile. Kila kizazi makasi hupita mahali papya, na sehemu za Kiajemi huzidi kuwa fupi.

Msomaji makini atauliza: sehemu hizo zina urefu wa mamilioni ya herufi, zitaonekanaje kwa vipande visivyofika herufi 100? Hapa ndipo ufundi ulipo, na binafsi naona hakuna hatua nzuri kuliko hii. Kompyuta huchukua maelfu kwa maelfu ya mahali ambapo herufi fulani ni ya kawaida zaidi Uajemi kuliko Afrika, kisha huuliza: mahali hapa pakionekana pa Kiajemi, je, jirani yake naye? Majirani wa karibu hukubaliana. Kadiri umbali unavyoongezeka, ukubaliano hupungua, na kasi ya kupungua huko ndiyo inayotaja idadi ya vizazi. Tukichukua kizazi kuwa miaka 28, vizazi 20 ni miaka 560, kwa hiyo mtu aliyefariki mwaka 1560 angeturudisha mwaka 1000.

Nani alikuwa baba na nani mama, hilo husomwa kwingine: kromosomu Y hutoka kwa baba pekee, na DNA ya mitokondria (sehemu ndogo za seli zenye DNA yake zenyewe) kwa mama. Mababu wa Kiasia walikuwa hasa wanaume wa Uajemi, pamoja na sehemu ya asili ya Kihindi; asili ya Kiafrika ilitoka zaidi kwa akina mama, na kwa wengi ilizidi nusu. Baada ya mwaka 1500 hivi, asili ya Kiarabu ndiyo iliyozidi kuingia.

Tarehe inayotolewa, hata hivyo, ni wastani. Ikiwa ndoa za namna hiyo ziliendelea vizazi vingi, sehemu ndefu za juzi huchanganyika na fupi za zamani, na ndoa ya kwanza kabisa huwa ilifungwa kabla ya mwaka ambao kompyuta huutaja.