Je, wajua sumu iliyofukiwa kiwandani hutafutwaje?

Kiwanda kikifungwa, majengo hubomolewa, mashine huuzwa na uwanja huota nyasi. Chini ya nyasi hizo huenda kuna mapipa ya kemikali, mafuta machafu na tope la rangi, vitu vilivyofukiwa enzi ambazo hakuna sheria iliyokataza. Anayetaka kujenga nyumba hapo atajuaje?

Wengi wangesema achimbe tu. Hilo ndilo la hatari kuliko yote, kwa sababu mtambo ukitoboa pipa lililooza, sumu iliyokuwa imetulia humwagika, hutoa mvuke, pengine hushika moto. Kwa hiyo kazi huanzia kwenye makaratasi: ramani za zamani, daftari za kemikali zilizonunuliwa, na picha zilizopigwa kutoka angani miaka mbalimbali. Shimo linaloonekana katika picha moja na kutoweka katika inayofuata ni dalili nzito. Wastaafu wa kiwanda nao huulizwa, na kwa maoni yangu hakuna kifaa kinachomshinda dereva anayekumbuka lori la taka lilikuwa likimwaga wapi.

Baada ya hapo ardhi hupimwa kutokea juu. Sumakumita hunasa mabadiliko madogo ya usumaku yanayoletwa na chuma, lakini pipa la plastiki hailioni. Rada ya ardhini hurusha mawimbi ya redio na kupokea yanayorudi. Kwenye mchanga mkavu inafanya kazi vizuri, ila udongo wa mfinyanzi wenye maji huyameza mawimbi hayo. Ndiyo sababu vifaa kadhaa hutumiwa pamoja, kisha mashimo machache ya majaribio huchimbwa na sampuli kupelekwa maabara.

Kinachosumbua zaidi ni maji yaliyo ardhini, maana ndiyo yanayoibeba sumu hadi kwa majirani. Ili kujua yanaelekea wapi huhitajika visima vya uchunguzi visivyopungua vitatu, visivyokaa kwenye mstari mmoja. Kimo cha maji katika kila kimoja kikilinganishwa, mteremko hujulikana. Petroli huelea juu ya maji hayo. Trikloroethilini, iliyotumika sana viwandani kuondolea grisi kwenye vyuma, ni nzito kuliko maji: huzama mpaka ikutane na tabaka lisilopitisha kitu, na huweza kufuata mteremko wa tabaka hilo hata kama maji yanakwenda kwingine. Anayefuata mkondo wa maji peke yake ataikosa.

Makaratasi yakipuuzwa, madhara yake ni makubwa. Huko Love Canal, katika mji wa Niagara Falls nchini Marekani, kampuni ya Hooker Chemical ilifukia tani zipatazo 20,000 za taka za kemikali kati ya 1942 na 1953, kisha ikaiuzia bodi ya shule eneo hilo kwa dola 1. Hati ya mauzo ilitaja kemikali hizo. Hata hivyo shule ilijengwa, nyumba zikafuata, na mnamo 1978 Rais Jimmy Carter akatangaza hali ya dharura. Familia zilihamishwa, na mwaka 1980 ikatungwa sheria ya Superfund ya kusafisha maeneo ya namna hiyo.

Taka za Love Canal bado ziko palepale. Zimefunikwa, na maji yanayochuruzika kutoka humo hukusanywa na kusafishwa. Njia hiyo inakubalika pale tu ambapo kuna atakayelisimamia eneo kwa vizazi, na hiyo ni ahadi nzito mno. Bonfol, nchini Uswisi, walichagua kuzitoa. Taka za viwanda vya kemikali vya Basel, zilizotupwa huko kuanzia 1961 hadi 1976, zilifukuliwa ndani ya jengo lililofungwa ambalo hewa yake ilinyonywa na kusafishwa kabla ya kutolewa nje. Hata kwa tahadhari hiyo, mlipuko wa 2010 ulisimamisha kazi.

Taka zikishatolewa, shimo halifukiwi papo hapo. Huchukuliwa sampuli za kuta na sakafu yake, na palipobaki na sumu huchimbwa tena. Vile visima vya uchunguzi navyo huachwa na kuendelea kupimwa kwa miaka, kwa kuwa sumu iliyokwisha kupenya kwenye mfinyanzi hurudi majini polepole sana.