Mfuko wa maji si farumi: maelezo kwa wamiliki na manahodha wa vyombo vidogo, Tanga

Kusi ikiwa imeanza kulegea na watu wakijiandaa kwa kaskazi, ofisi yetu ya ukaguzi wa vyombo imekuwa ikipokea malalamiko ya wenye mashua na majahazi kuhusu matangi laini ya maji, yale ambayo mabaharia wengi huyaita mifuko, na wengine maputo. Wanasema vyombo vyao vimezuiliwa "kwa sababu ya mfuko wa maji tu". Hilo neno "tu" ndilo lililonifanya niandike.

Hatuna ugomvi na mifuko hiyo. Tumbo la mashua halina pembe za mraba, kwa hiyo tangi gumu huacha nafasi tupu kila upande, na madumu ya lita 20 yasipofungwa hubingirika usiku kucha. Mfuko hulala ukafuata umbo la chombo. Hauhitaji tundu la hewa, kwa kuwa hunywea kadiri maji yanavyotoka, na ukiwa mtupu hukunjwa ukawekwa kando. Kwa wavuvi wa dago, wale wanaohamia kambi za mbali kuvua, na kwa wanaovuka kwenda Pemba, ni kifaa cha maana. Namna ya kufunga koki na bomba sitaieleza hapa, kila fundi anaijua.

Kinachotuletea kazi ni imani moja ambayo sijui nani aliianzisha. Nahodha anashusha magunia ya mchanga yaliyokuwa farumi, yaani uzito wa chini unaokituliza chombo kisipinduke, anaweka mfuko wa lita 300 mahali pake, kisha anamwambia mkaguzi kwamba uzito haujabadilika, kilo 300 kwa kilo 300. Hesabu hiyo ni sahihi mkiwa bado mmefunga kamba gatini. Baharini ina kasoro, kwa kuwa mchanga haunywewi. Mabaharia kumi wakitumia lita tano kila mmoja, kwa kunywa na kupikia, siku moja inaondoka na lita 50. Baada ya siku nne zimebaki lita 100. Kama samaki hawakupatikana, chombo kinarudi na theluthi ya farumi yake chini huku tanga ni lilelile juu, na upepo wa alasiri haujui kwamba mmekunywa maji. Nimewahi kuambiwa, kwa sauti ya juu, kwamba babu zetu walisafiri na mitungi na hawakuzama. Babu zetu walikuwa na mitungi na farumi pia. Hawakubadilishana kimoja kwa kingine.

Jambo la pili ni maji kutembea. Mfuko uliojaa nusu, uliotandazwa kama godoro kutoka ubavu hadi ubavu, hutuma maji upande wa demani, yaani upande unaolalia upepo unakokwenda, mara chombo kinapolala. Lita 300 zikisogea nusu mita tu kuelekea demani, ni sawa na watu wawili wa kilo 75 kuhama kutoka katikati ya chombo na kukaa mita moja upande ule ule mnaotaka kuupunguzia uzito. Na hao huwezi kuwaamuru warudi joshi, upande upepo unakotoka. Muuzaji atakuambia maji hayapigi kuta za mfuko kama yapigavyo tangi gumu lililojaa nusu. Ni kweli, iwapo hauna hewa ndani na umeshikwa na kizimba. Kwa hiyo tunachotaka kuona ni mfuko mwembamba uliolala kwa urefu juu ya mkuku, ule mti mkuu wa chini ya chombo, chini kabisa, ndani ya kizimba cha mbao kinachoushika pande zote. Vitanzi vya pembeni vya mfuko si nanga. Vimewekwa ili usijikunje, na ukivitegemea kushika kilo 300 vitachanika katika wimbi la kwanza la maana. Mifuko miwili ya lita 150 ni bora kuliko mmoja wa 300: malizeni mmoja kabisa ndipo mfungue wa pili. Ukitoboka mmoja, hamjabaki na kiu. Hata hivyo, madumu mawili matatu yaliyojaa na kufungwa vizuri yawepo kwenye kila safari ya kulala baharini, na hili hatulijadili.

Mfuko haukai juu ya sitaha. Uzito juu, jua juu, basi.

Mifuko mingi hufa kwa kusuguliwa. Mataruma, zile mbavu za mbao za chombo, yana kingo, misumari ina vichwa, na chombo hakitulii hata kikiwa kimetia nanga. Pitisha kiganja kila mahali mfuko utakapogusa, na kinachokwaruza ngozi yako kitatoboa mfuko. Tandika mpira laini. Jamvi na zulia kuukuu hushika mchanga, na mchanga huo hufanya kazi ya msasa. Wakati wa kujaza kutoka bomba la mjini, fungua koki nusu, toa hewa, na uache kujaza mfuko ukiwa bado unabonyea kwa kidole. Presha ya bomba inaweza kuuvimbisha hadi maungio yaachie, halafu fundi ndiye anayelaumiwa.

Mkiona maji ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, na hamjui yametoka wapi, gusisheni ulimi kidogo kisha mteme. Yakiwa na chumvi, tafuteni palipoachia kalafati, ile pamba inayoziba mianya ya mbao. Yasipokuwa na chumvi, mvua haikunyesha na hakuna dumu lililomwagika, mfuko umetoboka.

Kuhusu maji yenyewe. Mfuko ununuliwe ukiwa umeandikwa kwamba ni wa maji ya kunywa. Tumekuta mifuko ya dizeli "iliyooshwa vizuri", na tumekuta turubai la lori lililogundishwa kwa gundi ya viatu. Dizeli huingia ndani ya mpira, na hakuna sabuni inayoitoa. Mfuko mpya, au uliokaa mtupu miezi kadhaa, utakaswe hivi: kwa kila lita 100 za maji weka mililita 150 za dawa ya kung'arishia nguo isiyo na manukato, yenye klorini ya 3.5%, uache saa nne, umwage, kisha usuuze mpaka harufu iishe. Maji ya kunywa yatibiwe kwa vidonge kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na yasubiri nusu saa. Kwamba maji yamesafishwa yalipotoka bwawa la Mabayani hakusaidii kitu yakishakaa wiki nzima gizani kwenye joto la tumbo la mashua.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo maneno ni mengi. Tangu 2018 ukaguzi wa usalama wa vyombo uko TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. SUMATRA, mamlaka iliyokuwa ikisimamia usafiri wa nchi kavu na majini, haipo tena, na barua zinazoandikwa kwake hazina wa kuzijibu. Kuondoa farumi au kuweka tangi jipya ni kubadilisha chombo kilichokaguliwa. Cheti ulichonacho kilitolewa kwa chombo kama kilivyokuwa siku ile, kwa hiyo toa taarifa kabla ya kusafiri, usingoje tarehe ya kuhuisha cheti. Mkaguzi akikuta upungufu ataueleza kwa maandishi, mmoja mmoja, na nahodha ataonyeshwa kabla ya kusaini. Kusaini ni kukiri kwamba umeusoma, hujakiri kosa. Upungufu unaogusa uthabiti wa chombo unatosha kukizuia kisitoke mpaka urekebishwe na kukaguliwa tena. Ukaguzi huo wa pili huombwa na mwenye chombo, hauji wenyewe, na wengi hukaa siku tatu pwani wakimngoja mkaguzi ambaye hakuna aliyemwita. Kutoka na chombo kilichozuiliwa ni kosa jingine, tofauti na lile la kwanza, nalo hulifikisha shauri mahali ambapo magunia machache ya mchanga yasingelifikisha. Katika hili mwenye chombo na nahodha hulaumiwa wote wawili, kwa hiyo msituletee ubishi wa nani alimtuma nani.

Mnapoomba kukaguliwa, farumi iwe mahali pake, kizimba kiwe wazi, na mfuko uwe umejaa nusu. Uliojaa tele hautuonyeshi kitu, tunataka tuuone unavyotembea.