Mawe ya madini: tunayoambiwa na yalivyo kweli

Jumapili moja sokoni Kibuye, hapa Kisumu, kijana aliyetoka pande za Migori alinivuta kando, akatoa kiberiti mfukoni na kukifungua polepole. Ndani, juu ya pamba, palikuwa na kijiwe cha njano kinachotoshana na punje ya hindi, chenye pande bapa kama dadu. "Mzee, hii ni dhahabu tupu. Nipe elfu nane tu, nina haraka."

Huwa natembea na kipande cha kigae cha bafuni. Nilikigeuza upande wa nyuma, ule usiong'arishwa, nikamwomba akwaruze mwenyewe. Ulitoka mstari mweusi uliochanganyika na ukijani. Dhahabu ingeacha mstari wa njano. Kijana alitazama kigae, akatazama kiberiti, akanyamaza. Hakuwa tapeli, maana naye alikuwa ameuziwa. Nilimpa mia tatu nikakichukua, kwa sababu kilikuwa pairaiti safi ambayo hakuna kona hata moja iliyovunjika.

"Kama si dhahabu, ni takataka"

Hili ndilo kosa linalonisikitisha zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Pairaiti ni chuma kilichoungana na salfa. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, iko kati ya 6 na 6.5, hivyo kisu cha kawaida hakiikwaruzi kwa urahisi. Dhahabu iko kati ya 2.5 na 3, na ncha ya sindano huiachia alama. Ukigonga pairaiti kwa nyundo inapasuka, lakini dhahabu inalala bapa. Kwa uzito ndiyo kabisa hazilingani: dhahabu ni nzito mara 19 hivi kuliko maji ya ujazo uleule, na pairaiti mara 5 tu. Mkono uliozoea unahisi tofauti hiyo hata gizani.

Dhahabu ya Kakamega, iliyowavuta watu kwa wingi baada ya kugunduliwa mwaka 1931, na hii ya Migori, kwa kawaida hupatikana kama chembe ndogo ndani ya mishipa ya kwatzi, lile jiwe gumu ambalo mara nyingi ni jeupe. Ndiyo maana wachimbaji hulisaga jiwe kuwa unga kabla ya kuiona. Donge kubwa lenye pande bapa zinazong'aa lapaswa kukutia shaka mara moja. Hata hivyo, pairaiti na dhahabu mara nyingi hukaa katika mwamba mmoja, kwa hiyo mchimbaji anayeona pairaiti na kuendelea kuchimba si mjinga.

Tena pairaiti yenyewe ni nzuri. Navajún, Uhispania, hutoka dadu za pairaiti zilizonyooka hivi kwamba wageni huuliza ni mashine gani iliyozikata. Hakuna mashine. Zilijijenga hivyo ardhini, na wakusanyaji wa mawe wa nchi nyingi huzinunua.

"Jiwe zuri ni lililosuguliwa"

Nadhani tumefundishwa hivyo na mawe ya Kisii. Jiwe la Tabaka, huko Kisii, ni laini. Fundi hulichonga, akalipiga msasa ndani ya maji, akalipaka nta. Uzuri wake ni wa mkono wa fundi. Fuwele, yaani madini yaliyojijenga yenyewe kwa pande bapa, ni kinyume chake: pande zake ni zake, na ukizisugua umefuta kile ambacho mkusanyaji alikuwa anakitafuta. Sonara ana haja na rangi na uwazi, kwa hiyo kwake jiwe lililovunjika bado lina kazi. Mkusanyaji ana haja na umbo, na hupenda zaidi fuwele iliyobaki juu ya mwamba wake.

Tazama tsavoraiti, lile jiwe la thamani la kijani la Taita Taveta, aina ya ganeti. Mara nyingi hutoka kama madonge ambayo wachimbaji huyafananisha na viazi, yakiwa yamepasukapasuka ndani. Sonara hupata humo vipande vya kukata. Fuwele kamili ya madini hayohayo, yenye pande zake zote, ni nadra, na nimeona nyundo ikiharibu mawe mazuri kwa sababu tu mchimbaji hakujua kuna mtu anayelitaka likiwa zima. Ukiwa na ndugu machimboni, mwambie aache jiwe kwenye mwamba, alizungushie gazeti, na asirundike kumi katika gunia moja.

"Kubwa ndilo ghali"

Hapana. Ncha iliyomeguka hushusha bei kuliko udogo. Lizungushe jiwe chini ya taa kabla ya kutaja pesa.

"Rangi kali ni dalili ya uasili"

Mara nyingi ni dalili ya jiko. Sitrini, yaani kwatzi ya njano: nyingi za rangi ya chungwa iliyokolea zilikuwa amethisti, kwatzi ya zambarau, zikachomwa zikageuka. Kuchoma si dhambi mradi muuzaji aseme. Agati za waridi na bluu ya kuwaka hutiwa rangi. Tazama mipasuko yake, utaona rangi imejikusanya humo. Kwatzi yenye ngozi ya upinde wa mvua imepakwa tabaka jembamba la metali.

Jihadhari hasa na fuwele za bluu angavu zilizokaa juu ya jiwe la kawaida. Salfeti ya shaba hukuzwa ndani ya chupa kwa siku chache, kisha ikauzwa kama kitu cha mgodini. Huyeyuka katika maji, tena ni sumu, kwa hiyo iweke mbali na watoto.

Floraiti, madini yanayong'aa kama kioo, nayo ina mtego wake. Hupasuka kirahisi kufuata mielekeo minne, na fundi akiipasua kwa ustadi hupata umbo la piramidi mbili zilizogusana matako. Ni kitu cha kupendeza, lakini umbo hilo ni kazi ya patasi. Fuwele ya floraiti iliyokua yenyewe mara nyingi ni mchemraba.

"Jiwe halizeeki"

Niliwahi kuweka pairaiti katika kabati la mbao, nyumba isiyo mbali na ziwa. Baada ya misimu miwili ya mvua nilifungua droo nikapokewa na harufu ya salfa. Jiwe lilikuwa limeota unga mweupe wenye unjano, na karatasi iliyokuwa chini yake imelika kama iliyoungua. Unyevu na hewa huigeuza pairaiti kuwa chumvi za chuma na asidi ya salfa, na asidi hiyo hula sanduku na jiwe la jirani. Siku hizi kila pairaiti naiweka katika kikopo chake chenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Amethisti usiiache dirishani, jua huichujua. Kalsaiti usiioshe kwa siki, itatoa povu na kuliwa.

"Ukiliokota ni lako"

Watu wa Nakuru, hili linawahusu. Yale mawe meusi yanayong'aa kama kioo, obsidiani, kwa kweli ni kioo cha volkano, wala si madini kwa maana ya sayansi, kwa kuwa hayana mpangilio wa fuwele. Lakini Kariandusi na Hyrax Hill vipande hivyo ni zana zilizochongwa na watu wa kale, na Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inavilinda. Viache vilipo. Nayo madini yaliyomo ardhini, kwa Katiba na Sheria ya Madini ya 2016, ni mali ya umma. Biashara yake ina leseni na kuyasafirisha nje kuna kibali. Nunua kwa mwenye leseni na udai risiti.

"Lebo ni karatasi tu"

Kwatzi bila mahali ilipotoka ni pambo la meza. Kipande cha floraiti cha Kimwarer, Bonde la Kerio, kikiwa na lebo, ni sehemu ya historia ya mgodi ulioanza miaka ya 1970 na ambao baadaye ulifungwa. Lebo ikipotea, jiwe halina njia ya kukwambia.

Yule kijana nilimuuliza kijiji. Hakukijua, alisema aliyemuuzia alitaja Nyatike. Basi lebo niliyoiandika inasema hivi: "Pairaiti. Yasemekana Nyatike, Kaunti ya Migori. Ilinunuliwa Kibuye, Kisumu." Nikipita huko nitauliza tena, na nikipata jibu nitaongeza mstari chini yake bila kufuta wa kwanza.