Kuhalalisha chang'aa si kulegeza leseni

Kila watu wanapopofuka au kufa kwa pombe yenye methanoli, kemikali ya sumu, nchini Kenya, hakosi mtu wa kusema: "Si mlihalalisha chang'aa 2010? Sasa vuneni." Chang'aa ni pombe kali ya kienyeji. Halafu anaongeza kwamba serikali ililegeza leseni. Hapo amefunga mambo mawili kwa kamba moja.

Leseni ya pombe ni kibali cha kuuza chenye masharti: nani auze, auze nini, wapi, saa ngapi. Kulegeza ni kupunguza masharti hayo.

Kuhalalisha ni kukitoa kinywaji kwenye marufuku na kukitia ndani ya masharti. Mwaka 1980, enzi za Moi, sheria iliharamisha chang'aa kabisa. Hakukuwa na leseni ya kuomba wala kiwango cha kutimiza, hivyo mpishi hakuwa na ada ya kulipa ofisini. Alichotoa alimpa askari. Sheria ya 2010 ikafuta marufuku hayo. Lakini isome yote: baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi, zifungwe saa tano usiku, zikae mita 300 kutoka shuleni, pombe kali isiuzwe kwenye chombo cha chini ya mililita 250. Wanywaji waliibandika jina la mbunge wa Naivasha wa wakati huo, Mututho, aliyeipeleka bungeni, na hawakuwa wakimsifu. Huko ni kukaza.

Ukitaka kuona kulegeza, rudi ukoloni, sharti lilipokuwa rangi ya mnywaji. Bia ya chupa haikuwa ya Mwafrika. Nairobi alielekezwa kwenye ukumbi wa pombe wa manispaa kule Pumwani, ambako baraza lilipika, likauza na kupata faida. Baada ya Vita Kuu ya Pili, zuio la bia likaondolewa. Bia ni ileile, chupa ileile. Kilichobadilika ni nani anaruhusiwa kuinunua.

Chang'aa ya kichakani inayouzwa kwa glasi haina leseni hata leo, kwa hiyo hakuna masharti yake yaliyolegezwa. Anayeona baa ya mtaani kwake imepewa leseni kiholela ana haki ya kulalamika, ila aelekee kaunti: kwa mujibu wa Katiba ya 2010, utoaji wa leseni za pombe ni kazi yao.